Usiyafunike Matusi ya Mapacha

Apio, mjukuu wangu, mke mwenzangu wa utani uliyenikimbia ukaenda Kampala,

Mamako ndiye ameshika kalamu. Shule mimi niliipita kwa nje tu, nikipeleka mbuzi. Jana amenisomea karatasi ulizotuma, nyimbo nilizokuimbia, na chini yake maelezo yako ya maneno. Alisoma vizuri mpaka wimbo wa mapacha, hapo sauti ikashuka. Umeandika ati yale maneno ni "salamu za heshima kwa wakwe."

Heshima gani, Apio? Mimi nilimwambia mama wa mamako, mbele ya watu, kwamba makalio yake ni gunia la mihogo lililotoboka. Hiyo ni salamu ya wapi?

Na maana unaijua. Unakumbuka nilivyokupeleka Lumino kwa sherehe ya mapacha wa binamu yako? Ulijificha nyuma ya gauni langu la gomesi, ukacheka mpaka ukajikojolea. Tukirudi, pale Busia kwenye foleni ya malori, ukaniuliza, "Bibi, mbona leo watu wazima wanatukana na hawachapwi?" Nikakujibu kwamba kinyongo cha wakwe kikibaki tumboni, watoto ndio wanaugua. Lazima kitoke kwa mdomo.

Wewe na Adongo, pacha wako, mlipozaliwa, sisi wa Sop Sop na wale wa Lumino tulikuwa hatuamkiani tangu mamako atoroke kwao kuja kuolewa hapa. Wakaja na ngoma. Bibi yako wa kule akasimama mlangoni, akaanza na meno yangu, akashuka mpaka miguu. Nikamjibu. Tulitukanana mpaka sauti zikakauka, halafu yeye akaanza kucheka, nami nikacheka, tukala sahani moja. Bila yale maneno mamako angerudishwa kwao, nanyi sijui mngekuwa wapi.

Sasa unasema kitabu kinaenda kwa mashule, na mwalimu wako mkubwa wa chuo hataki uchafu. Kinachapwa Jumatatu.

Mamako ameweka kalamu chini. Anasema nikuache, watakunyima cheti, miaka yote ya kusoma iende bure. Nimemwambia aandike. Ameokota kalamu, lakini hanitazami.

Siwezi kukuamulia, mjukuu wangu. Najua unaogopa, na najua si mimi nitakayesimama mbele ya hao wakubwa. Lakini bibi yako wa Lumino amelala kaburini, hawezi kujitetea. Yaandike maneno yake na yangu kama tulivyoyasema, kisha waeleze kwa nini tuliyasema. Ukishindwa, ondoa wimbo wote.

Wakikufukuza, rudi nyumbani. Utakula, utalala, tutalima pamoja, na atakayekucheka atanikuta. Ila usiniletee kitabu kinachosema mimi nilisalimia.

Mama wa baba yako,
niliyetukana ili wewe ukue.