Kwa Mwanangu Mwalimu Mkuu, Uliyewafungia Shule Watoto wa Kambini

Mwanangu Salumu,

Barua hii sikuitia gundi. Nimemkabidhi Mama Yosefu ikiwa wazi, na nimemwambia mwanawe aisome kwanza huko kambini, kwa sauti, asikie kila mwenye masikio, ndipo ifike kwako. Niliyonayo leo si ya kunong'onezana mama na mwana.

Mama Yosefu humjui. Yeye anakujua. Ni mke wa mkata mkonge, mtu wa Songea, na mwanawe yuko darasa lako la juu kabisa, lile la mtihani. Ijumaa aliteremka Bagamoyo, akauliza nyumba ya mama yake mwalimu mkuu, na nani mtaa wetu wote wa Dunda asiyeijua? Wakamleta mpaka mlangoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu, karibu ndani. Hapa hapa ndipo alipozaliwa huyo mwalimu wenu."

Nikamkalisha mkekani, nikamtilia chai ya tangawizi, nikaanza. Unanijua nikianza. Nilimwambia ulivyotembea wakati wenzio wangali wanatambaa. Nilimwambia ulivyohitimu Kurani mdogo vile mpaka shehe akafuta machozi. Nikamwonyesha picha yako ya tai na viatu, nikamwambia Wazungu wenyewe huja kusimama nyuma ya darasa kukutazama ukifundisha. Yeye ananiitikia tu, "Ndiyo, mama. Ndiyo, mama," na chai inapoa. Nikamwambia, "Na watoto wa watu anawapenda kama wa kumzaa mwenyewe." Hapo akaweka kikombe chini, akalia.

"Kulikoni, mwanangu? Mwanao amepigwa?"

"Afadhali angepigwa, mama. Angepigwa angekuwa ndani."

Salumu, niliona haya sijui pa kuuweka uso wangu.

Kwamba ndui iliingia huko kwenu mkafunga shule, hilo nilikuwa nalijua, na nilikuombea dua kila sala. Kwamba mmeanza kuwarudisha watoto kidogo kidogo, hilo nalo nililisikia nikafurahi, nikasema ndiyo busara ya mwanangu, haendi kwa pupa. Lakini sikujua ulivyowarudisha! Mama Yosefu akanieleza. Kwanza waliingia watoto wa makarani na wa wenye maduka. Zikapita siku, wakaingia watoto wa vijijini. Wakafuata hata wale wa mbali waliokuwa bado kwa babu zao. Sasa madarasa yamejaa, mtihani uko karibu, na watoto wa kambi ya mkonge wangali nje, na umetoa amri kwamba aliyelala kambini asikanyage uwanja wa shule.

Nikamuuliza, "Kwani kambini ndui haijaisha?"

Akasema dresa wa serikali alianzia kambini kuchanja, kabla ya mtu mwingine yeyote, na kambi ndiyo aliyoitangaza safi mwanzo. Akanionyesha na kovu lake begani.

"Hukwenda kumwambia mwalimu?"

"Nilikwenda, mama. Alitoka kibarazani, akaniambia tungoje zamu yetu. Nikamuuliza zamu yetu ni lini. Akaingia ndani."

Akaingia ndani! Mtu mzima amekuja kwa miguu, ameuliza swali la adabu, wewe unampa mgongo! Nilikufundisha mimi hayo? Au yamo katika hivyo vitabu vyenu?

Basi kama umesahau nitakukumbusha, na hao wa kambini wasikie.

Ndui ilipopita hapa kwetu ulikuwa mwembamba, masikio makubwa, na hesabu zote za dunia unazo kichwani. Dunda iliugua. Jirani yetu Bi Mwanaidi aliugua akapona, nyumba yake ikanyunyiziwa dawa, sote tukachanjwa. Shule yenu ikawa inafunguliwa mtaa kwa mtaa, na mtaa wetu ukawekwa mwisho. Haya, tukasema sawa, mgonjwa alikuwa kwetu. Lakini watoto wa yule tajiri wa nguo, ambao ukuta wao na wetu unagusana, siku ya kwanza wamo darasani! Nyumba yao ya mawe, yetu ya miti na udongo. Kumbe ndui hupiga hodi ikauliza, hapa mmejengea nini?

Nilikwenda kwa mwalimu mkuu wa wakati ule. Nikajitanda kanga vizuri, nikaamkia vizuri. Akanijibu, "Watoto wa kwenu watangoja zamu yao." Maneno hayo hayo, Salumu. Umeyaokota wapi?

Asubuhi yake nilikuchukua wewe na watoto wa Bi Mwanaidi, nikawakalisha nje ya ua wa shule, chini ya dirisha la darasa lenu. Mimi nikakaa pembeni nasuka ukili. Waliokuwa ndani wakachungulia, wakaanza. "Nduiii! Pumulieni huko huko!" Ukashika pindo la kanga yangu unalia. "Mama, turudi nyumbani, wananicheka."

Nikakwambia, "Umekuja kusoma au umekuja kuchekwa? Sikiliza mwalimu."

Mwalimu wa hesabu akauliza swali. Wewe ukalijibu ukiwa nje, kamasi zinakutoka. Akauliza jingine. Ukajibu. Siku ya pili yule mwalimu, Mungu amlaze pema, akasogea akasimama dirishani penyewe, akafundisha kwa sauti kama anaadhini. "Dunda, mmesikia?" Nanyi mkaitikia, "Tumesikia, mwalimu!" Wapita njia wakawa wanasimama. Wauza samaki wakawa wanasimama. Kila siku watu wakawa wanaongezeka pale nje wakiuliza, hawa wamefanya nini wakatupwa nje? Mwalimu mkuu akaona haya, akafungua lango. Mtihani ulikukuta umo ndani, ukaupasua. Nilijua utaupasua, wewe mwanangu!

Nawe jioni zile ulikuwa ukirudi, unachukua kipande cha mkaa unaniandikia sakafuni. "Mama, hii ni S. Ni ya jina langu." Mimi nilikuwa na herufi za chuo cha Kurani tu, na darasa moja nililosoma kabla sijaozwa. Herufi hizi ninazokugombeza nazo ni wewe uliyenipa. Nikikosea mahali, usinicheke, ni mwalimu wangu aliyekosea.

Nakupenda, baba. Sijaacha kukusifu, hata kisimani jana nilikusifu, ila sauti haikutoka vizuri. Najua una hofu. Wewe ni wa kwanza kutoka mtaa huu kupewa shule nzima, na nasikia makarani wamekwambia watawatoa watoto wao wakichanganywa na wa kambini. Najua pia ndui si mchezo. Ilimchukua mdogo wangu mimi nikiona, na nilimwosha kwa mikono hii. Dresa angesema kambi bado chafu, mimi mwenyewe ningekuja kulishika lango nisimwache hata mmoja apite. Lakini amesema ni safi! Basi unachokiogopa si ndui. Ni harufu ya mkonge katika mashati yao, na baba zao wasiojua kusema Kiswahili chetu, wanaoitwa manamba kama kwamba mama zao hawakuwapa majina. Hilo linaniuma kuliko njaa zote nilizolala nazo ili wewe usome.

Mkeo aliniletea habari kwamba mjukuu wangu ameanza kucheka. Nilikuwa nije mwezi ukiandama. Nimekwisha kumshonea vikanzu na kofia, nimepika na mafuta ya nazi ya kumkanda. Sasa nakuja mapema. Jumatatu napanda lori linalopitia Msata, nimekwisha kuzungumza na dereva. Lakini usinisafishie chumba. Sitafikia kwako. Mama Yosefu amenipa nafasi ya mkeka mmoja, nami nitafikia kambini, nitakula wanachokula, nitalala wanapolala.

Na kwa amri yako mwenyewe, aliyelala kambini hakanyagi uwanja wa shule, na nyumba yako imo uwanjani. Basi Jumanne asubuhi utanikuta nje ya lango na hao watoto, na mzigo wangu kichwani. Utatoka kibarazani mbele ya wanafunzi wako wote uniambie mimi nami ningoje.

Mtoto usimtoe nje kuja kunionyesha. Nina hamu naye mpaka mikono inaniuma, lakini sitamshika kabla Yosefu hajakaa kwenye kiti chake.

Ni mimi,
mama yako mzazi, mwenye hasira nawe na asiye na mwingine wa kujivunia.