Baba Hakuendesha Pikapu Ile

Basotu, Hanang,
Jumapili, 14 Septemba 2025.

Mpendwa Kaka Agustino,

“Picha ya tochi haionyeshi uso wa dereva. Semeni alikuwa babu. Mzee wa miaka sabini na tisa hakuna trafiki atakayemgusa.” Huo ni ujumbe wako kwa mwanao Kelvin, na leo baada ya misa nimeusoma kwa macho yangu. Nitaujibu. Lakini kwanza shikamoo, kaka. Hamjambo huko Morogoro? Wifi Eva anaendeleaje na mgongo? Tulisikia ameanza mazoezi ya hospitali, tukafurahi.

Sisi ni wazima. Mama anatembea bila fimbo tangu mwezi uliopita. Jicho la kulia la baba limeshafunikwa na mtoto wa jicho, na la kushoto linaelekea huko huko. Juzi alimwita punda wa jirani kwa jina la ng'ombe wetu. Tulicheka, na yeye akacheka.

Jua ni kali. Ziwa limerudi nyuma sana, na ng'ombe wa uwandani wanashuka kila siku kunywa maji.

Nimekupigia simu mara nne tangu Ijumaa na mara zote umekata. Ndiyo sababu naandika. Barua hii anakuletea Hilaria, binti wa jirani yetu Qamara, anayepanda basi la kesho alfajiri. Dereva wa pikapu yako anatakiwa kituo cha polisi Katesh siku ya Alhamisi, saa tatu asubuhi, kuandikisha maelezo, na baba anajiandaa kwenda.

Nadhani Kelvin hakukusimulia yote. Jumanne iliyopita alikuwa anawahisha samaki Katesh kwa pikapu yako. Pale ng'ombe wanapovukia barabara kwenda ziwani, penye kibao cha hamsini, tochi ya trafiki ya kupimia mwendo ilimpiga akiwa tisini na tatu. Askari alimpungia mkono asimame, naye akapita. Pembeni alikuwepo Mzee Gidamis na ng'ombe wake, na mkwewe Glory akiwa na madumu ya maji. Glory alijirusha kwenye mtaro. Amechunika viganja vyote viwili, na tunamshukuru Mungu kwamba ni viganja tu. Kelvin hakujua habari ya Glory mpaka nilipomwambia mimi. Siku hiyo hakula.

Sasa nije kwenye sheria zako. Unasema askari akikaa nyuma ya mti, kesi inakufa. Nani kakwambia? Nimesoma Sheria ya Usalama Barabarani kutoka mwanzo hadi mwisho, na sijaona mti ndani yake. Unasema dereva asipoweka sahihi, faini haipo. Hiyo ni sheria ya kundi lenu la WhatsApp. Unasema tuombe cheti cha kupimwa kwa tochi. Hilo ni swali halali, na Kelvin aliulize kwa jina lake mwenyewe kama anaamini kifaa kilikosea. Ila ameniambia kwa mdomo wake kwamba mshale wa mwendo ulikuwa umepita tisini.

Usinione ninatetea polisi. Unanijua. Mwaka juzi jirani yetu Benedikta alipoandikiwa kosa la bodaboda iliyokuwa gereji siku ile ile, niliandika barua tatu, nikaenda Katesh mara tano, na kosa likafutwa. Tulishinda kwa sababu tulisema kweli. Wewe hutaki kupinga kosa, kaka. Unataka kulihamisha kutoka kwa mtu mwenye miaka ishirini na minne kwenda kwa mtu mwenye miaka sabini na tisa.

Na hata ujanja wenyewe ni mbovu. Leseni ya baba ni ile ya enzi za kuendesha trekta kwenye mashamba ya ngano, imekufa tangu Kelvin hajazaliwa. Akisema yeye ndiye aliyekuwa anaendesha, basi ameendesha bila leseni, nusu kipofu, kwa mwendo wa tisini na tatu, na amekaidi amri ya askari. Mwenye gari akitaja dereva wa uongo, hilo nalo ni kosa, na mwenye gari ni wewe. Umechukua makosa mawili ukayafanya matano, halafu unaita hiyo akili ya kisheria.

Ungemwona jana mezani. Kelvin alikuwa anamfundisha maneno ya kusema.

“Babu, ulikuwa unakwenda wapi?”

“Kliniki.”

“Hapana babu. Mnadani.”

“Mnadani kufuata nini?”

“Mbuzi.”

“Mbuzi wa nani?”

“Babu, hawatauliza mbuzi wa nani!”

“Wewe huwajui polisi,” baba akasema. Kisha akanigeukia mimi polepole. “Verediana, hivi kwenye hizi gari za siku hizi, pa kukanyagia mafuta ni kulia au kushoto?”

Nilitoka nje, kaka. Mimi ambaye sijawahi kukimbia ubishi na mtu yeyote, nilitoka nje.

Lakini hilo silo linalonitisha zaidi. Unaikumbuka njia ile ya ng'ombe? Ulikuwa umeshahama, lakini tulikusimulia. Miaka minne iliyopita wakulima na wafugaji walikuwa wanakaribia kuuana pale. Watu wa mashamba walimtuma baba, wafugaji wakamtuma Gidamis. Wakakaa siku tatu, wakapima njia kwa hatua zao, wakasema: ng'ombe wapite hapa, jembe lisiingie hapa. Halafu kijiji kikaomba kibao cha hamsini kiwekwe mahali hapo. Hakuna karatasi iliyoandikwa. Watu walikubali kwa sababu moja tu. Ukimuuliza baba Akonaay unapata jibu, ukienda kumuuliza Gidamis unapata jibu lile lile.

Gidamis naye ameitwa Katesh Alhamisi, kwa sababu alikuwepo. Siku ile ile alishamwambia askari kwamba aliyekuwa kwenye usukani ni kijana mwenye kofia nyekundu. Kofia hiyo ulimtumia wewe Krismasi.

Ijumaa jioni alikuja hapa nyumbani. Hakukaa kwenye kiti, alisimama mlangoni na fimbo yake begani.

“Akonaay, nasikia wewe ni dereva sasa.”

Baba akamsogezea kiti.

“Nilikuwa pale barabarani. Mbona ulinipita bila kunisalimia?”

Ni utani wao wa siku zote, lakini safari hii hakuna aliyecheka. Mama akaleta maziwa, Gidamis akayapokea kwa mikono miwili, akanywa, akarudisha kibuyu. Akasema, “Mimi nitasema nilichokiona. Sina maneno mengine. Ndugu yangu, wewe usije.” Akaondoka. Baba alikaa pale pale mpaka chakula kikapoa.

Leo nje ya kanisa nimekuta habari imeshafika. Isidori, ambaye shamba lake limepakana na njia ile na hajawahi kuipenda, alikuwa anasema kwa sauti ili nisikie, “Kama mzee anaweza kudanganya kwa ajili ya mjukuu, tutajuaje hakutudanganya na sisi kuhusu njia ile? Mimi Jumatatu ijayo nalima mpaka barabarani.” Nilimjibu, na unaweza kukisia nilimjibu vipi. Akanyamaza, lakini vijana wawili waliokuwa nyuma yake hawakunyamaza. Na ng'ombe wa Gidamis lazima wanywe maji, kaka. Watapita pale, jembe liwepo au lisiwepo.

Nimemsihi baba asiende. Amenijibu kwamba mwanae wa kwanza hajawahi kumwomba kitu tangu ahame, na hawezi kumnyima cha kwanza anachoomba. Nimemwambia Kelvin aende mwenyewe. Amelia, kaka, kijana mkubwa yule. Anasema, “Shangazi, baba ameshaamua.” Anaogopa pia kwamba kosa litamharibia usaili wa udereva mwezi ujao. Nimemwambia kwamba wanaotafuta dereva wanaweza kumsamehe kijana aliyekosa na kukiri. Inawezekana hawatamsamehe. Sitamdanganya, na wewe usimdanganye. Ila usaili upo mwingine, na njia ya ng'ombe ni hiyo moja.

Kwa hiyo unaona mambo yalivyokaa. Baba hakatai kwa sababu yako. Kelvin hathubutu kwa sababu yako. Mimi kelele zangu zote hazifiki popote, kwa kuwa mimi ni mdogo wako na ni mwanamke, na kwenye jambo hili nyumba nzima inakusikiliza wewe uliye mbali.

Mama anakusalimu sana, na anasema wajukuu waje Desemba hata kwa wiki moja. Tekla wa kule Tlawi amejifungua mtoto wa kike, anakusalimu. Msalimie wifi Eva, Jenifa na mdogo wake Michael. Mungu awalinde, awape afya na amani ya kulala usingizi.

Kelvin ameketi hapa mbele yangu, nimemsomea barua yote kabla ya kuifunga. Basi Kelvin, Alhamisi saa tatu uwe Katesh na leseni yako mfukoni, na ukitoka huko upite kwa Glory umwombe radhi. Nawe kaka, ukimaliza kusoma mstari huu usinipigie mimi. Mpigie baba. Mwambie, “Baba, nimekosea, usiende.” Mwambie mwenyewe, kwa sauti yako, kabla ya jua la Jumatano kuzama.

Mdogo wako anayekupenda na asiyekuachia,
Verediana Akonaay