Mkanda wa Moto wa Dada Yetu Umepandwa Mahindi

Ninyi mnaosoma haya mmezoea kugeuza shingo mkifika kwenye mteremko ule. Geuzeni, tumewazoea. Leo tunazungumza na mwenyewe.

Dada, mwaka umetimia tangu tukuzike, na hasira haijatuisha.

Ulipostaafu ukunga, watu walidhani utakaa barazani unywe chai. Wewe ukaenda kwenye korongo la mteremko ule, lililokuwa linameza mashamba. "Kidonda hiki," ukasema, "kinatibiwa kuanzia juu." Ukapanga mawe safu kwa safu, ukaotesha majani ya kushika udongo, ukabeba samadi kwa karai kichwani. Wakakubandika jina: Mama Samadi.

"Mama Samadi, udongo unaulisha kama mtoto mchanga!"

"Na wewe wako unaulisha nini, mwanangu? Maneno?"

Miaka tisa. Udongo uliokuwa mgumu kama kigae ukawa mweusi, ukiufumbata unashikana. Siku moja uliingia nao jikoni, kiganja kimoja, ukamlazimisha kila mtu anuse kabla ya kula. Tulicheka hadi chakula kikapoa.

Na kila mwaka, kiangazi kikikaribia, ulifyeka mkanda wa hatua kumi kuzunguka mteremko, ukaupara ukabaki udongo mtupu, ili moto wa wanaochoma mashamba ukifika pale ukose cha kula.

Ulipoondoka, jirani mmoja, ambaye ulimpokea kwa mikono yako akizaliwa, akasema, "Ardhi wazi hiyo, ya nini ilale bure?" Yeye na wenzake wakapanda mahindi humo humo ndani ya mkanda. Wala sisi tusijifiche, Dada: mumeo naye alipanda mistari miwili. Wamevuna, mabua wameyaacha yamesimama, makavu kau. Kwa mwenyekiti wa kijiji tumekwenda mara nne. "Nitalifikisha kwenye kikao," anasema, kana kwamba moto husubiri ajenda. Juzi ng'ambo ya pili ya korongo wameanza kuchoma mashamba.

Tunaokukumbuka ni mumeo, ambaye sasa haoni pa kuuweka uso, wanao watatu, mdogo wako fundi baiskeli, mawifi zako na wajukuu. Hujatutoka moyoni hata siku moja, wala hutatutoka. Kukukumbuka kwa mdomo tu ndiko kulikotuchosha.

Basi ninyi wasomaji: Jumamosi hii, saa moja asubuhi, njooni na panga na jembe. Mabua yang'olewe, mkanda uparwe, kabla upepo haujageuka. Mwenye shughuli nyingine aje kwanza atuambie hivyo akiwa amesimama katikati ya mabua yale.