Skrubu za Redio ya Baba Mkwe

Mpendwa Mshauri,

Nakuandikia nikiomba unishike mkono, maana jambo nililolifanya mwenyewe limenikaa kooni na kila nikitaka kulisema narudi nyuma. Mimi ni fundi cherehani, naishi na mume wangu pamoja na baba yake, ambaye katika ujana wake alikuwa akiunganisha simu katika ofisi kuu ya simu, na anachojivunia kuliko vyote ni masikio yake, kwani husema aliweza kumtambua mtu kwa namna anavyovuta pumzi kabla hajatamka neno. Ana redio ndogo ya masafa mafupi ambayo kila jioni huiweka dirishani, akainua antena, akasikiliza habari za nchi za mbali, kisha akatusimulia mezani, na mimi ndiye niliyekuwa msikilizaji wake wa kweli kwa sababu mume wangu husinzia.

Mwezi uliopita redio ilianza kukwaruza, yaani kila mtangazaji alisikika kama mtu aliyeuma karatasi, hasa sauti ilipoongezwa, ingawa baba alipokandamiza kiganja juu ya spika ilitulia kidogo. Akaniambia, "Mkwe wangu, nitafutie fundi." Nami nikajibu, "Fundi wa nini, baba, na mimi nipo?" kwa kuwa cherehani zangu nazitengeneza mwenyewe na sijawahi kushindwa. Alipotoka kwenda kunyoosha miguu nikaifungua, nikakuta ndani visanduku vidogo vya bati, kila kimoja kina skrubu juu yake, nyekundu, ya njano, nyeupe, nyeusi, zote zimelegea, na kwetu sisi wa cherehani skrubu iliyolegea ndiyo ugonjwa wenyewe, basi nikazikaza zote mpaka zikagoma, nikafunga, nikajisifu moyoni.

Nilipoiwasha, mkwaruzo ulikuwa palepale, na vituo vya mbali vilikuwa vimetoweka, kikabaki kituo kimoja cha hapa mjini na uvumi kama wa upepo. Nikaogopa, nikairudisha dirishani kana kwamba sikuigusa. Jioni baba akazungusha, akazungusha, akaibandika sikioni, kisha akaniuliza polepole, "Mkwe, wewe unasikia watu humu?" Hapo ndipo nilipopaswa kusema, lakini nikajibu, "Nasikia kwa mbali, baba, labda ni umri tu," na mume wangu akadakia, "Mzee, hata injini huchoka!" Baba hakucheka, aliizima redio, akanipa, akasema, "Iweke kabatini, sina kazi nayo tena."

Tangu hapo hatusimuliwi kitu mezani, na dada yake baba aliye mbali, ndugu pekee aliyebaki naye katika watoto wa mama yao, akipiga simu baba anakataa kuipokea, anasema, "Mwambieni nimelala, nitamchosha kwa kumuuliza nini, nini, nini," ilhali namwona akigeuka hata paka anapoingia nyuma yake. Niliyemwambia ni wifi yangu tu, akacheka mpaka akakaa chini: "Ala! Fundi wa suruali ameyapunguza mawimbi kiunoni!" kisha akanishauri nitafute redio inayofanana na ile, niibadilishe kimyakimya, yaishe. Je, nimfuate wifi, au nijivue nguo mbele ya mkwe wangu? Namheshimu, naye alikuwa akinisifu kwa wageni, na naogopa hatanitazama tena.

Ni mimi, Mkwe Mwenye Majuto.

*

Binti yangu,

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara zote mbili nilisimama mahali pamoja. Sikusimama kwenye skrubu. Nilisimama pale mzee alipokuuliza kama unasikia, ukasema unasikia. Kuharibu redio ni ujuaji, na ujuaji husameheka. Lakini mzee huyo alikuwa na masikio mazima, akayaweka kando, akakuamini wewe. Je, ulifikiri amekupa kitu kidogo?

Nianze na chombo, kwa sababu ndicho chepesi. Zile hazikuwa skrubu za kushikilia kitu. Ni za kurekebishia mawimbi: kiwandani kila moja huzungushwa hadi mahali pake kwa kipimo, kisha huachwa hapo, hata kama inaonekana imelegea. Ulipozikaza, ulivifukuza vituo. Usiziguse tena, wala usijaribu kuzirudisha kwa kukisia. Ipeleke redio kwa fundi mwenye kifaa cha kupimia mawimbi, umwambie wazi, "Nilizikaza zote hadi mwisho." Usimwambie kwamba iliharibika yenyewe, mafundi wameichoka sentensi hiyo. Huenda akaviweka vituo sawa. Huenda pia vipande vyeusi vilivyomo katika visanduku hivyo vimepasuka kwa nguvu zako, na baadhi ya vituo visirudi. Sitakudanganya.

Ama huo mkwaruzo, kiganja cha mzee kilikwisha kuupima. Sauti inayotulia spika ikikandamizwa, aghalabu karatasi ya spika imechanika au imebanduka ukingoni. Ulitakiwa kutia betri mpya, kuchomeka visikilizio vya masikioni, na kusikiliza. Fanya hivyo sasa kwa kituo kilichobaki. Sauti ikiwa safi masikioni, mgonjwa ni spika, si redio. Mpasuko mdogo huzibwa kwa kipande cha karatasi nyepesi na gundi kidogo sana. Ukiwa mkubwa, spika hubadilishwa kwa nyingine ya ukubwa uleule na yenye omu zilezile, yaani kipimo cha ukinzani wa umeme, zilizoandikwa mgongoni mwake. Kazi hiyo ungeiweza, binti yangu. Mikono inayodarizi tundu la kifungo haishindwi na karatasi. Ungeifanya hiyo tu, leo mngekuwa mezani mkisimuliwa habari. Najua unalijua hilo, na nasikitika pamoja nawe.

Wifi yako mwache na vicheko vyake. Mtu aliyewatambua watu kwa pumzi zao, hataitambua redio yake? Na tuseme asiitambue. Ataamini kwamba masikio yalimtoka, yakamrudia, na kila siku atakaa akingoja yamtoke tena. Hapo utakuwa umemponya ugonjwa usiokuwapo na kumwachia hofu ya kweli.

Kwa hiyo usisubiri redio itengenezwe. Kila simu ya dada yake inayopita hairudi, na watu wa umri wao hawana simu nyingi za kupoteza. Zungumza leo, mume wako akiwapo, maana naye alimtania. Mzee atakasirika. Mwache akasirike, wala usilie ili akubembeleze. Safari hii si zamu yako ya kubembelezwa. Pengine hatakusifu tena mbele ya wageni, nawe utavumilia. Akimaliza kusema, piga namba ya dada yake, umpe simu mkononi, utoke chumbani.

Uanze na masikio, redio ifuate. Kaa mbele yake, umwambie, "Baba, masikio yako ni mazima. Nilikudanganya. Redio niliiharibu mimi." Useme kwa sauti yako ya kawaida, usiipaze. Atakusikia.