Bwawa Lako Halifukiwi

Kaka yangu mpendwa,

Salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumai barua hii itakukuta u mzima, kazi umeizoea na unakula vizuri. Sisi hatujambo. Mama ana kikohozi kidogo, lakini ole wake atakayemwita mgonjwa.

Nimeshika kalamu kujisifu, kwa hiyo kaa vizuri. Lile bwawa ulilochimba nyuma ya jikoni kabla hujaondoka liligeuka kijani kibichi, samaki wako hawaonekani. Mama akatangaza kwamba hafugi mbu wala harufu. Lisipotakata kabla ya mwisho wa mwezi, ataita lori la udongo lije lilifukie. Unamjua mama, akisema amesema.

Nikaona hapana, jasho la kaka yangu halifukiwi nikiwa hai. Nikatoboa matundu chini ya ndoo kuukuu, nikatia kokoto, kisha changarawe, na juu kabisa sponji. Nikaisimamisha juu ya matofali ukingoni. Pampu ndogo huvuta maji na kuyamwaga juu ya sponji, nayo hurudi bwawani yakiwa yamechujwa. Muuza samaki wa mapambo alinionya nisiifue sponji kwa sabuni, maana ule utelezi unaoota ndani yake ndio unaokula uchafu.

Nikangoja. Kijani. Nikangoja tena, kijani kile kile! Baba mdogo akaniuliza kama nachuja maji au nachemsha mboga. Kelele za chura, nikasema moyoni, ila kwa kweli roho iliniuma.

Asubuhi moja nikainusa sponji: sabuni! Nikajua hapa kuna mkono wa mtu. Kesho yake nikajibanza dirishani, na nikamwona mama, kachuchumaa, anaifua sponji yangu kwa nguvu zake zote. Nilitoka nimefura, nikamwuliza kama lori linachelewa. Akajibu kwamba yeye anasaidia, kwani kitu kichafu kitasafishaje kingine? Nikamwomba kwa mikono miwili asiiguse tena.

Na juzi, kaka, maji yametakata! Naona mpaka kokoto za chini. Samaki ni wengi kuliko uliowaacha, wamezaa gizani humo humo. Baba mdogo aliinama akatazama. Nikamwambia mboga imeiva.

Sasa lile ambalo mama amenikataza kukuandikia, ndiyo maana naliandika. Lori lilikuwa hasira tu. Ameniambia kwamba tangu uondoke, kila asubuhi huketi pale na kuongea na samaki wako habari zako, na maji yalipozidi kuchafuka aliona kama na wewe unapotea. Alikuwa anafua sponji ili awaone tena. Jana nimemsikia akimlalamikia yule mwekundu mkubwa kwamba hujapiga simu siku nyingi.

Mpigie, kaka. Samaki hawajui kujibu.

Baba mdogo anakusalimu, na bwawa zima pia.

Ni mimi mdogo wako,
Kidomo