Sauti ya Kuazima

6 Machi

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe na Mama, na kwamba mgongo umepoa kidogo. Najua hautapoa vizuri mpaka wateja wako wa kusukwa wakubali kukaa chini zaidi, lakini tuombe. Mimi sijambo, ila vidole vimechubuka kwa sabuni mpya waliyotuletea kazini. Wanasema inanukia maua. Mimi sijawahi kukutana na ua la namna hiyo.

Mama anaendeleaje? Nimepiga simu Jumapili mbili, zote umeniambia amelala. Mama yetu aliyekuwa anaamsha majogoo, leo amekuwa mtu wa kulala mchana? Mwamshe siku moja nimsikie.

Sasa tuje kwenye ugomvi. Ijumaa umeangalia “Njia ya Zohali”, usinidanganye, maana hata nyumba ikishika moto utaokoa televisheni kwanza. Mwenzangu wa shuka hakuiona, ikabidi nimsimulie. Hapa hotelini shuka linakunjwa na watu wawili, mmoja huku na mmoja kule, mnakutana katikati, mnaachana, mnakutana tena. Nikamwambia hivi: chombo kinakwenda dunia mpya, safari ndefu, abiria wote wamelazwa usingizi kwenye masanduku. Bibi mmoja sanduku lake likaharibika, akaamka kabla ya wakati, na hawawezi kumlaza tena. Amepanda na mwanawe wa pekee, naye kijana alifia humo ndani ya sanduku, hakuna aliyemwambia. Kila siku anagonga ukuta na kumwita. Roboti anayehudumia chombo akamwonea huruma, akaanza kumjibu kutoka upande wa pili kwa sauti ya mwanawe. Bibi akapona, akaanza kula. Ndipo Nahodha akagundua, na kipindi kikaishia pale kidole chake kiko juu ya kitufe cha kumzima roboti sauti.

Mimi nasema abonyeze. Mtu mzima hadanganywi kuhusu mtoto wake. Msema kweli mpenzi wa Mungu. Mwenzangu wa shuka ananiita katili. Wewe unasemaje?

Mdogo wako,
Kitinda


11 Machi

Kitinda wangu,

Marahaba. Sisi wazima. Mgongo ni ule ule, nimeuzoea kama jirani mbaya. Mama yupo, na siku hizi anakula vizuri kuliko mimi. Kumbukumbu zake zinakuja na kukatika kama umeme, lakini hana maumivu na anacheka. Simu inamchosha, mdogo wangu. Usinilaumu.

Kuhusu roboti, umenikuta na watu wangu. Jumamosi barazani kwangu palikuwa na vichwa vitatu, na vyote vilikuwa vimeangalia. Mwalimu wa hesabu yuko upande wako, anasema uongo ni deni. Mke wa fundi viatu akageuka kumjibu nikiwa nimeshika kitana kichwani mwake, mstari ukapinda kutoka utosini mpaka sikioni. Ikabidi nifumue nianze upya. Nimewaambia atakayebisha tena, abishe bila kutikisa kichwa.

Mimi niko na roboti. Bibi yule ana siku ngapi zilizobaki? Ukweli utamfanyia nini, utamfufua mwanawe? Wahenga walisema funika kombe mwanaharamu apite. Kombe lenyewe lilikuwa limefunikwa vizuri, chakula kinaliwa, Nahodha anakuja kufunua, kwa sababu gani? Kwa sababu yeye hapendi uongo. Basi asiuseme yeye.

Niandikie zaidi habari za kazini, hata zile ndogo ndogo. Huyo mwenzako wa shuka ni mtu wa namna gani? Mnakula saa ngapi? Dirisha la chumbani kwako linatazama nini? Usione ni mambo ya kipuuzi, mimi nayapenda.

Dada yako


20 Machi

Dada yangu,

Shikamoo. Natumaini mmeamka salama. Mimi mzima, ila mpweke, na leo sioni aibu kulisema.

Mwenzangu wa shuka ameondoka. Uliuliza ni mtu wa namna gani. Alikuwa mnene, anaimba puani, anapenda chai ya kuchemka mpaka inachubua ulimi. Wameleta mashine inayokunja shuka peke yake. Mimi nimebakizwa kuilisha shuka upande wa huku, na upande wa kule hakuna mtu, ni kikapu tu. Tunakula saa saba, na sasa nakula hiyo saa saba nikitazama ukuta. Dirisha langu linatazama ngazi za chuma za jengo la pili. Mtu mmoja hukaa pale akivuta sigara, hatujawahi kusalimiana.

Lakini nimeshinda ubishi. Nahodha amebonyeza. Amekwenda mwenyewe, akakaa na Bibi, akamwambia mwanao amefariki na aliyekuwa anakujibu ni mashine. Bibi hakulia. Hakugonga ukuta tena. Akaanza kujifunza mitambo ya chombo, na mwishoni alikuwa anacheka na mafundi. Umeona? Njia ya mwongo ni fupi. Mwambie mke wa fundi viatu asukwe upya kwa gharama yake.

Halafu, dada, nina neno. Jumapili nilipopiga nilimsikia Mama nyuma yako. Alikuwa macho na alikuwa anaongea. Alisema “Kitinda”, nimesikia kwa masikio yangu, na wewe ukakata simu. Kwa nini unaninyima mama yangu? Nimeomba likizo, nimekubaliwa mwezi wa tano. Nakuja.

Kitinda


9 Aprili

Dada,

Shikamoo. Umenyamaza. Barua hazijibiwi, simu inaita mpaka inachoka. Kama Mama ana tatizo niambie. Kama nimekukwaza kwa maneno ya tamthilia, nisamehe, ilikuwa utani, nilikuwa natafuta mtu wa kuongea naye. Niandikie hata mstari mmoja.

Kitinda


14 Aprili

Mdogo wangu,

Marahaba. Mama mzima wa mwili. Usiogope.

Nilikaa kimya kwa sababu sikujua nianzie wapi. Nitaanzia kwenye ile sehemu ya pili, ambayo wewe uliiona na hukuiona. Baada ya Nahodha kubonyeza, walionyesha roboti amekaa pale pale ukutani. Taa yake inawaka, haruhusiwi kusema. Watu wote barazani walikuwa wanamlilia Bibi. Mimi nililia pia, nao wakadhani tunalia pamoja. Mimi nilikuwa namlilia roboti.

Kabla ya mwaka mpya Mama aliacha kula. Sikukuambia. Alikuwa anafunga mdomo kama mtoto, ananitazama kama mtu aliyekosea nyumba. Asubuhi moja nikaingia na chai, akaniangalia, uso wake ukafunguka. Akasema, “Kitinda, umerudi.”

Nikasema, “Ndiyo Mama, nimerudi.”

Akala. Akaomba tena. Tangu siku hiyo mimi ni wewe. Ananiuliza habari za huko ulikokuwa, na mimi namwambia habari za sabuni ya maua, habari za shuka na mwenzako anayeimba puani. Mama anampenda sana huyo mtu. Nilikuwa nakuomba habari ndogo ndogo kwa sababu zangu zilikuwa zinaniishia. Ndiyo maana simu nakata. Utaongea naye vipi, na Kitinda amekaa miguuni pake anamkata kucha?

Jambo hili lingeishia hapo nisingekuandikia, ningekufa nalo. Lakini ananiuliza mimi. “Dada yako yuko wapi? Mbona haji?” Nikamjibu yuko mbali, kazi zimembana. Nilidhani atasahau kesho yake. Kila kitu anakisahau, hilo halisahau. Juzi nilikuwa namsuka, akasema, “Yule mkubwa alikuwa haniachi hata siku moja. Lazima kuna kitu nilimkosea.” Nikaendelea kusuka. Ningefanya nini? Nikisema ni mimi, namnyang'anya Kitinda wake na chakula anaacha. Nisiposema, anakwenda kaburini akiamini nimemtupa.

Nimekaa na Mama miaka yote hii, Kitinda. Sidai shukrani. Nataka aniite mara moja tu, kwa cheo changu, mwanangu wa kwanza, kama alivyokuwa akiniita akitaka nimletee miwani. Hilo tu. Na wewe ukija, Kitinda wa kweli akikaa kitandani pake, mimi nitakuwa nani humu ndani?

Katika ubishi wenu wote, wewe na mwalimu wa hesabu, mlimuuliza Nahodha, mkamuuliza Bibi. Yule aliyekuwa anaazima sauti hamkumuuliza kama bado anayo ya kwake.

Dada yako


17 Aprili

Dada yangu,

Shikamoo. Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama kazini, mashine ikameza shuka vibaya, nimekaripiwa. Sikusikia walichosema.

Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nilikuwa nashangilia ushindi wa kitu nisichokijua. Nisamehe.

Lakini bado nasimama pale nilipokuwa nimesimama, na nakuambia ili usije ukaona nimekuzunguka. Nitamwambia. Nitamwambia mimi, wewe utakuwa umekaa tu, na kama ataacha kula nitakuwepo kumlisha. Haiwezekani Mama akulilie na wewe uko hapo hapo. Tarehe kumi na tisa mwezi wa tano nitakuwa mlangoni. Usinipikie kitu cha pekee. Chemsha chai, kali, ya kuchubua ulimi.

Kitinda


21 Aprili

Kitinda,

Marahaba. Njoo.

Dada yako


27 Mei

Dada yangu,

Shikamoo. Nakuandikia ukiwa upande wa pili wa ukuta. Nasikia sufuria, nasikia unamwambia paka aondoke. Ningeweza kuinuka nikakuambia, lakini mimi na wewe tangu zamani kwa mdomo tunagombana, kwa barua tunabishana tu.

Siku niliyofika nilifanya nilichoahidi. Nilimshika mikono nikamwambia, “Mama, mimi ndiye Kitinda. Na huyu ndiye dada, hajaondoka humu hata siku moja.” Wewe ulikuwepo, uliona. Alikutazama kwa muda mrefu, kwa adabu, halafu akasogea kwenye kochi, akakuambia, “Karibu, mgeni.” Na wewe ukasema asante, ukakaa. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Chakula hakuacha, ananiita mimi Kitinda wake na anakula ubwabwa wake, lakini wewe nimekutoa kwenye jina la kuazima na sijakurudishia la kwako. Wiki nzima unaingia chumbani kwake kwa kubisha hodi, na hujaninung'unikia. Afadhali ungenitukana.

Mchana huu ulipotoka kwenda barazani kwa mteja, aliniambia nichukue kalamu. Alisema ni barua ya kwenda mbali na niandike kila neno, nisiongeze langu. Sijaongeza. Aliniuliza kama anwani yako ninayo, nikamwambia ninayo. Hilo halikuwa uongo.

Nimeiweka kwenye kopo la vitana vyako. Ya kwangu inaishia hapa, iliyobaki ni yake.

Kitinda


Mwanangu wa kwanza,

Salamu nyingi. Mimi mzima, sijui wewe. Miguu inauma jioni. Miwani nimeipata, ilikuwa kichwani.

Kitinda amerudi. Amekonda lakini amerudi. Sasa nakungoja wewe. Kama nilikukosea, mimi ni mzee, niambie nikuombe radhi. Kama ni kazi, kazi haiishi, iache hapo ilipofika uje.

Nywele zangu usizihofie. Kuna mama mmoja hapa ananisuka. Hasemi sana. Ana mikono kama yako, havuti, na akifika pale nyuma ya sikio penye kovu anapita taratibu, sijui nani alimwambia. Juzi nilimuuliza ana watoto, akasema hana. Nikamuuliza ana mama, akasema anaye. Basi akalia, sikumuuliza tena.

Nimemwambia asiondoke mpaka utakapofika. Amekubali.

Usichelewe.

Mama yako