Samaki Waliokufa Ijumaa

Palma, Jumapili asubuhi

Kwa mama yangu mpenzi, Bi Mwanaharusi, Mtwara.

Assalaamu alaykum mama, na shikamoo. Natumai mguu umepoa, na majirani bado wanakuvumilia kwa maneno yako. Mie mwanao mzima wa mwili. Moyo ndio haukai. Naandika huku nainuka, nakaa, nachungulia dirishani. Mtandao umekatika, ndiyo maana barua hii nampa Abdurremane, yule muuza vitenge, anayevuka mpaka pale Namoto leo na mizigo yake. Tafadhali isome mpaka mwisho kabla hujanikasirikia.

Unajua hapa kwenye nyumba ya wageni ya dona Margarida nafua, napika, na nalala chumba cha nyuma ya baraza. Mwaka huu dona kaleta sanduku kubwa la kioo, akalijaza maji ya bahari na samaki wa rangi rangi, wageni wapate cha kutazama. Anayewavua ni Muhamudo, mlinzi wetu. Ndiye yuleyule, mama, usigune. Yule aliyeleta posa ukamkataa, eti mtu wa kisiwani Macaloe, kwao hakujulikani. Anazamia miambani, anatoa kitatange kwa kijiwavu bila kumkwaruza, na kwa kila samaki analipwa.

Basi samaki wakaanza kufa. Jioni wanacheza, asubuhi matumbo juu, na kila mara ni Ijumaa! Tukabadili maji, wakafa. Tukabadili chakula, wakafa vilevile. Dona akamwita tekniku, mtaalamu wa samaki, kutoka mji wa Pemba wa huku, akapima maji, akafunua mashavu ya samaki mmoja mmoja, akasema ugonjwa hawana, wamekosa pumzi tu, na sababu yenyewe haioni. Jirani wakasema jini, mie nikazidisha dua. Dona hakutaka habari za majini. Alisema anayewaua ni Muhamudo, anawatilia utupa, ile sumu ya majani wanayovulia kwenye madimbwi, ili amuuzie wengine. Akaapa kwamba wakifa tena atalipeleka jina lake kwa wanajeshi. Mama, unajua hali ya huku na hii vita ya waasi. Jina likishafika kule, mwenyewe hufuata, na kurudi ni majaliwa.

Muhamudo hakugombana. Aliniambia tu kwamba Alhamisi atakaa mbele ya kile kioo mpaka kupambazuke, amshike huyo adui. Akakaa kweli, maskini. Wakafa mbele ya macho yake, na hakuna mtu aliyesogea.

Asubuhi hiyo, dona bado amelala, nikafunua kifuniko niwatoe. Yarabi! Harufu iliyonipiga usoni ilikuwa ya ubani. Ubani wako, mama.

Ile mashine ndogo inayopuliza hewa majini ina kelele. Wageni walipolalamika, ikahamishiwa chumbani kwangu, na mpira wake ukapitishwa tundu la ukutani mpaka majini. Na mie kila Alhamisi magharibi nafunga dirisha, nafukiza chetezo kama ulivyoniagiza, kuondoa husuda. Moshi wote mashine ilikuwa inauvuta na kuwapelekea samaki. Nilijua palepale.

Na nikanyamaza. Hili ndilo linalonila. Niliogopa kufukuzwa, nikajiambia nitasema baada ya chai, nitasema dona akipoa. Dona akaamka, akaona, akaingia ndani kuvaa viatu aende kule kwa wanajeshi. Muhamudo akaniangalia. Mie nikaangalia sakafu. Akatoka kwa mlango wa jikoni, kikoi begani, bila kuaga. Hapo ndipo ulimi wangu ulipofunguka, mama, alipokwisha kutoka! Nikamvuta dona mkono mpaka chumbani, nikamwonyesha chetezo na ule mpira. Alinitukana mpaka akachoka, kisha akaketi kitandani kwangu akalia, akasema haendi kokote, jina halijafika, nimtafute arudi. Majirani wakasema kashika njia ya mpakani, nikamkimbilia mpaka Namoto kwa pikipiki. Wavushaji wakasema kashavuka.

Huko Mtwara hana anayemjua ila wewe. Akipiga hodi, nakuomba kwa maziwa uliyoninyonyesha, usimfungie mlango. Mpe chakula kwanza. Kisha mwambie samaki waliuawa na ubani wa Zulfa, na kwamba Zulfa alijua kabla yeye hajatoka. Mwambie yote, usinistiri kwa kuwa ni mwanao. Akitaka kurudi, kazi yake ipo na jina lake safi. Akisema hanitaki tena, ana haki, wala usimbembeleze.

Dona hajanifukuza bado. Kioo kiko kitupu, na ile mashine ameizima, kimya chake kinanikera kuliko kelele zake.

Nisalimie mdogo wangu Hafsa na wote wanaoniulizia. Ubani usinitumie mwingine. Nitumie neno moja tu kwa Abdurremane akirudi: kama Muhamudo amefika.

Mwanao asiyetulia,
Zulfa